Toleo la Pak Sudarmaji

Pak Sudarmaji hakulisikia vizuri swali la yule mwanamke, akamwomba alirudie. Laiti angejua, angejifanya kiziwi.

"Nauliza hivi, Pak, mzee wangu," Tiurma akasema, amesimama katikati ya ukumbi, sahani ya wali wa nazi bado iko mkononi. "Leo tunatuma toleo lako, au lile linalofanya kazi?"

Vijiko vilikoma njiani kwenda midomoni. Mtu mmoja nyuma alianza kukohoa, akajizuia hata kukohoa.

Tiurma alikuwa Mbatak wa Siantar, mji wa kisiwa kingine cha Indonesia, amejiunga na kundi mwaka huu tu. Wabatak ndivyo walivyo, husema kwanza, radhi huomba baadaye, wakikumbuka. Na alikuwa amesimama mjini Solo, kitovu cha adabu za Kijawa, mahali ambapo mtu akikukanyaga wewe ndiye unayeomba samahani.

"Toleo lipi jingine?" Sudarmaji akauliza, huku akicheka. "Mbak, dada yangu, toleo ni moja tu."

Alicheka peke yake.

Programu yenyewe ilitoka ng'ambo. Ilikuwa ya bure, ya kuendeshea biashara: mauzo, ghala, kodi, mishahara, vyote humo humo, na mtu yeyote aliruhusiwa kuifungua na kuibadili. Ila ilikuwa imeshonwa kwa mwili wa wenyewe, na kila nchi ilibidi mafundi wake wajitolee kuipunguza mikono mpaka iwakae. Kwa Indonesia fundi mkuu alikuwa Sudarmaji, mhasibu mstaafu wa kiwanda cha sukari. Alianza peke yake kwenye meza ya kulia chakula, kisha wakaja wengine kutoka visiwa vyote, bila mshahara, bila posho, kwa mapenzi tu. Mchana huu, baada ya kula, walikuwa wakubaliane kwa kauli moja kulituma toleo lake kwa watunzaji wakuu wa programu huko ng'ambo. Likishapokelewa, kila atakayechagua jina la Indonesia ndani ya programu ile, popote alipo, atapata kazi ya Sudarmaji. Mzee alikuwa amevaa batiki yake ya harusi za watu wakubwa, na mtaa mzima ulikwisha kuambiwa.

"Jamani, hamjamwambia?" Tiurma akageuka huku na huku. "Mmekaa naye muda wote huu, mnakula wali wake, hamjamwambia?"

"Mbak Tiurma, kaa kwanza, chai inapoa," mtu akamsihi.

"Sikai! Mficha uchi hazai, bwana. Pak, nisikilize. Ile sehemu yako ya posho ya sikukuu haifai. Inamlipa kila mtu kabla ya Idi. Sheria inataka kila mfanyakazi apate kabla ya sikukuu ya dini yake mwenyewe. Mimi na Idi wapi na wapi? Wahindu wa Bali je? Umewasahau watu!"

Kule kiwandani kwa Sudarmaji kila mtu alichukua posho yake kabla ya Idi, na kwa miaka yote ile haikumpitia akilini hata siku moja kwamba kuna wenye sikukuu nyingine. Ndiyo maana wanasema nyani haoni kundule. Akamtafuta Pak Remigius, mwalimu wa kisiwa cha Flores, Mkatoliki, mtu aliyemwamini.

"Pak Remi, ni kweli haya?"

"Aa, dogo tu hilo, Pak."

"Dogo vipi?"

Remigius akaikuna shingo yake. "Mwaka wa kwanza shuleni kwetu posho ilitoka mapema, tukaila. Krismasi ilipofika tukaimba tu. Lakini tuliimba vizuri, Pak."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuomba ardhi ipasuke. Sudarmaji hakucheka.

"Sasa miaka hii mingine mmefanyaje?"

Hapo ndipo Mas Endro aliposimama. Endro alikuwa mkono wake wa kulia. Alikuwa akija nyumbani kwake kila Ijumaa baada ya swala, wakikaa mbele ya kompyuta moja bega kwa bega, wakila ndizi za kukaanga.

"Kuna kiraka, Pak," akasema huku ameinamisha kichwa. "Wewe ukitoa toleo jipya, sisi tunalipokea. Halafu tunaweka kiraka juu yake, cha kuisahihisha posho."

"Nani alikitengeneza?"

"Mimi, Pak. Naomba radhi kubwa sana."

Sudarmaji akakaa. Kila alipotoa toleo, simu yake ilikuwa ikilia mpaka usiku: kazi nzuri sana, Pak, asante, Pak, Mungu akuzidishie umri, Pak. Kumbe mkono ulioandika asante ndio huo huo ulioshika kiraka. Ijumaa ngapi Endro alitoka nyumbani kwa mzee akaenda kwake kufumua walichoshona pamoja! Alitaka kukasirika, hasira yenyewe ikakosa pa kushika. Hapakuwa na adui pale, palikuwa na watu wanaompenda.

"Kwa nini hukuniambia, Mas, mdogo wangu?"

"Ningeanzaje, Pak? Wewe ni kama baba."

Mkewe, Bu Sulastri, alikuwa mlangoni na birika la chai. Yeye ndiye mweka hazina wa ushirika wa wanawake wa batiki mtaani kwao, mahali pa kwanza kabisa nchini kutumia kazi ya mumewe. Sudarmaji alipomwona akajisikia amepata pa kuegemea.

"Walau sisi," akasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Walau ushirika wa mke wangu unatumia toleo langu lenyewe."

Bu Sulastri akaliweka birika chini polepole.

"Kuna Bu Agnes na Bu Fransiska pale kwetu, Pak," akasema. "Wanasherehekea Krismasi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilimwomba Mas Endro aniwekee. Tangu mwaka wa pili."

Macho yalimtoka mzee. Wageni wote, kwa huruma, wakatazama sahani zao.

Baadaye akasimama tena. "Basi nauliza kila mmoja, na sasa mnijibu kweli. Zaidi ya posho, kuna nini kingine kibovu?"

"Hakuna, Pak," wakasema wa mbele. "Ni nzuri sana, Pak," wakasema wa katikati. Inggih, inggih, ikapita ukumbini, ile ndiyo ya Kijawa inayoinama kabla hujaisikia. Hata sasa! Paa limeanguka na bado wanamsifia ukuta. Hilo lilimshtua kuliko kiraka chenyewe.

"Mbak Tiurma," akasema, "njoo ukae hapa mbele. Soma wewe. Viraka vyote."

Tiurma akafungua kompyuta, akasoma. Kiraka hakikuwa kimoja. Kulikuwa na cha watu wenye jina moja tu, wasio na la ukoo, cha kodi, cha stakabadhi, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameketi pale, kichwa chini. Kila jina liliposomwa Sudarmaji aliliandika kwenye orodha ya waliofanya kazi, na la kwake akalifuta juu akaliweka mwishoni. Wakampinga kwa adabu, akawakatalia bila adabu yoyote, kwa mara ya kwanza maishani. Kisha akalituma toleo lile la viraka kwa mkono wake mwenyewe, na watu wakapiga makofi huku wengine wanalia.

Jioni, nyumbani, Bu Sulastri alimletea chai akabaki amesimama. Sudarmaji hakukigusa kikombe. Alikuwa akimtazama mwanamke aliyemwitikia inggih asubuhi na jioni kwa miaka thelathini na zaidi, katika kila jambo: jina la mtoto, nyumba hii, kuhama, kutohama.

"Bu," akasema. "Kwangu mimi je? Umeweka viraka vingapi?"

Alitegemea acheke. Bu Sulastri hakucheka. Alifunga mlango wa mbele, akavuta kiti, akaketi.