Funda la Kwanza

Beda alimshika panya mweupe shingoni, akampitishia mdomoni sindano butu, akasukuma dawa taratibu mpaka akaona amemeza. Akamrudisha kizimbani, akamtoa mwenzake. Dawa ilikuwa ya mizizi ambayo mama yake, Magreti, huichimba milimani Vidunda na kuwapa watu wenye maumivu ya tumbo. Beda ndiye aliyeileta hapa maabara, Kilosa, ili wanaosema mama yake anabahatisha wanyamaze.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Panya waliopewa dozi kubwa mara moja tu waliendelea kula, na walipopasuliwa maini yao yalikuwa mazima. Beda alimpigia mama simu kumwambia dawa yake ni safi. Mama alicheka, akasema alikuwa akingoja panya wampe ruhusa.

Shida ilikuwa kwenye vizimba vya ukutani, vya panya wanaopewa kidogo kila siku, miezi sasa. Asubuhi hiyo Daktari Joyce, msimamizi wa maabara, alipasua baadhi yao. Maini yalikuwa yamevimba, yana rangi ya njano chafu. Alisema waliobaki atawapasua kesho, ila haoni hatari kwa wagonjwa, maana hakuna anayekunywa dawa ya tumbo kila siku.

Beda alimfikiria mama yake. Kwao, mchimba dawa hunywa funda la kwanza mbele ya mgonjwa, ili mgonjwa aone hamna ubaya ndani. Kila mgonjwa, funda moja. Mama alikuwa akifanya hivyo tangu Beda hajazaliwa. Pasaka, Beda alipokwenda kumsalimia, aliyaona macho yake yana umanjano, akadhani ni moshi wa jikoni.

Mchana alimpigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Panya wangu hawajambo?"

Alimweleza polepole. Akamwomba aje hospitali apimwe damu, na kuanzia leo asionje tena. Mama alikuwa Mikumi, kwenye kibanda chake sokoni, na malori ya barabara kuu yalisikika yakipita.

"Nisipoonja, nani atapokea dawa mkononi mwangu?"

"Waambie imepimwa, mama. Kwao haina shida."

"Nilishawaambia. Tangu uliponipigia ile siku wanakuja hata kutoka Chanzuru, benchi halitoshi. Leo nimeonja mpaka ulimi umekufa ganzi." Sauti yake haikuwa na lawama. "Nitakuja soko likiisha. Ngoja, kuna mtu hapa."

Hakukata simu. Beda alimsikia akimkaribisha mgonjwa akae, kisha kikombe kikigonga meza, kisha akimeza.

Jioni Daktari Joyce aliondoka. Wale wa kupasuliwa kesho walitakiwa wapate na dozi ya leo, la sivyo kipimo chote kingeharibika. Beda alivuta dawa kwenye sindano, ile kidogo ya kila siku, akafungua kizimba cha kwanza cha ukutani.