Ng'ambo ya Daraja la Lwakhakha

Kwa miaka mitatu Rahab alikuwa akimtembelea bintiye nusu njia. Kila mara alitoka Matisi, Kitale, na gari aliloachiwa na marehemu mumewe, akafika Lwakhakha mpakani na kuliegesha upande wa Kenya. Mary Ann, aliyeolewa Uganda, alivuka daraja kwa miguu. Walikula chapati ndani ya gari, wakapiga soga, kisha kila mtu akarudi kwake. Rahab aliwaambia watu kwamba kazi ya ualimu imembana. Uongo mtupu. Aliogopa kuendesha gari katika nchi ya watu.

Sasa Mary Ann alikuwa amejifungua kwa upasuaji na hangeweza kutembea mpaka darajani. Kwenye simu hakuomba lolote, na hilo lilimuuma mamaye kuliko kama angeombwa.

Jumamosi Rahab akafika Bungoma, macho mazito baada ya wiki nzima ya kusahihisha mitihani. Walikuwa wamepatana kwamba rafiki yake Phelista, anayevuka mpaka kama anayeingia jikoni kwake, ndiye atakayeshika usukani kutoka hapo. Phelista akatoka nyumbani mkono wa kulia ukiwa na plasta hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameanguka Jumanne na kuvunjika, akanyamaza makusudi, maana angesema, Rahab angebaki Kitale.

Rahab alitaka kugomba, lakini hata kugomba kunahitaji nguvu.

“Si nitakaa na wewe hapo mbele, Mama Mary Ann,” Phelista akasema. “Hata huko wanaendesha kushoto, bana. Unaogopa nini?”

“Nikigonga mtu huko, nitaita nani?”

Phelista akafungua mlango wa abiria. Akaingia na kufunga mkanda kwa mkono mmoja.

Mpakani karatasi za gari zilikaguliwa, zikagongwa muhuri, kizuizi kikainuliwa. Gari likazima. Rahab akaliwasha, likazima tena, na lori la nyuma likaanza kupiga honi. Msidhani Rahab alipata ujasiri hapo. Alikuwa amechoka tu, amechoka hata na ule woga wenyewe, na kurudi nyuma kulionekana kazi kubwa kuliko kwenda mbele. Akavuka.

Alienda kwa gia ya pili, jasho likimtoka, bodaboda zikimpita kushoto na kulia. Safari ya nusu saa ikamchukua saa nzima.

Mary Ann alikuwa ameketi mlangoni na mtoto. Rahab aliposhuka na kumsogelea, Mary Ann alilitazama gari, akanyoosha shingo akimtafuta dereva.

“Nani amekuleta, Mama?”

“Nimeendesha mwenyewe.”

Mary Ann akamgeukia mamaye. Macho yakamjaa machozi, na hayakuwa ya furaha peke yake.

“Kumbe miaka yote hii ulikuwa unaweza,” akasema.

Rahab hakujitetea. Alinyoosha mikono apewe mjukuu.