Taa ya Nyuma ya Mwalimu Dirar

Kazi yangu ni kupokea vitu vinavyorudi. Duka letu la spea halina kaunta. Ni ghala tu hapa Zarqa, nyuma ya mtaa wa magereji, na wateja wanatuona kwenye simu. Wanaagiza, dereva anapeleka, na wasiporidhika mzigo unarudi kwangu pamoja na fomu. Fomu ina vyumba vinne vya sababu: duka limeleta kifaa kisicho sahihi, kimefika kimevunjika, mteja amebadili nia, sababu nyingine, eleza. Karibu wote wanatia alama chumba cha kwanza. Mtu ameharibu skrubu kwa kisu cha jikoni, kosa letu. Mtu mkewe ameikataa rangi ya viti, kosa letu. Sibishani nao. Nina miaka tisa hapa, na chumba cha nne nimekiona kimejazwa mara chache sana.

Taa ya Mwalimu Dirar ilirudi mara ya kwanza Jumapili. Taa ya nyuma ya kulia, gari dogo la Kikorea la mwaka 2006, alama chumba cha kwanza. Nikalinganisha na namba ya chasisi aliyoiandika, nikaona vinaoana. Nikasema labda kiwandani waliikosea, nikamtumia nyingine. Jumanne ikarudi nayo. Safari hii alikuwa amebandika karatasi ya miraba, taa imechorwa kwa penseli, na kando ya tundu la skrubu la juu ameandika: pungufu milimita kumi na moja.

Hamdan, dereva wetu, aliileta huku anacheka.

"Mama Sanad, yule mzee kanisimamisha mlangoni robo saa nzima, anapima taa kwa rula. Namwambia mwalimu, mimi dereva tu, taa sikuitengeneza mimi. Ananiambia nyamaza, usimame wima."

"Alikufundisha?"

"Hesabu, darasa la tisa. Nilipata sifuri. Bado anaikumbuka, kanisalimia nayo."

Nikatuma ya tatu, nikamwambia Hamdan hiyo ikikataa asiipokee tena. Basi Alhamisi asubuhi Mwalimu akaileta mwenyewe. Mzee mwembamba, koti limepigwa pasi, rula imechomoza mfukoni. Alikataa kiti. Kahawa aliipokea, akaiweka bila kuinywa.

"Binti yangu, mara tatu mmeniletea taa isiyoingia. Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka uandike kwamba kosa ni lenu, na unipe taa yangu. Kesho baada ya sala nakabidhi gari kwa mwenyewe."

"Umeliuza?"

"Nimeliuza. Na siwezi kumpa mtu gari lenye jicho moja."

"Nani kanunua?"

"Qutaiba, mwenye tanuri la mkate. Mwanafunzi wangu. Ana watoto watatu, anachoka kuwapanga kwenye pikapu."

Niliuliza kama limepita ukaguzi. Hapa kwetu gari lisilo na karatasi ya ukaguzi hata punda halitazami. Mwalimu akakunja uso.

"Nilimwambia alipeleke. Akakataa kabisa. Akasema neno lako, Mwalimu, ndio ukaguzi. Ikabidi nimwapie. Nikamwapia kwa Mungu kwamba gari hili ni zima, chuma chake hakijaguswa na fundi."

"Wewe ulijuaje?"

"Kaka yangu Mifleh ndiye aliyeniuzia, mwaka wa kumi na moja sasa. Aliniapia."

"Na hukulipeleka ukaguzi."

"Binti yangu! Mtu anampeleka kaka yake ukaguzi?"

Nikamwomba ile taa ya zamani, iliyovunjika alipogonga nguzo ya jirani. Alikuwa nayo, imefungwa kwenye gazeti. Nikaigeuza, nikafuta vumbi, nikasoma namba mgongoni mwake. Ilikuwa taa ya mwaka 2002. Magari ya 2002 na 2006 yanafanana sana kwa mtu aliyesimama mbali, lakini matundu ya taa hayafanani.

Nilijua hapohapo, na nilitamani nisingejua. Ningetia alama chumba cha kwanza, mzee angekwenda zake, na taa ya 2002 ingekuwa imefungwa kabla ya magharibi. Nilimhurumia, jambo ambalo huwa siliruhusu kazini. Nikamwambia tutoke nje alikoliegesha gari.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi bodi. Walikuwa wakimletea magari mawili ya ajali, moja limepondeka mbele, jingine nyuma. Anayakata katikati, anachomelea nusu nzima kwa nusu nzima, anapiga puti, anapaka rangi. Namba ya chasisi inabaki ya nusu ya mbele, na jua linachomoza kama kawaida. Mimi nimesomeshwa na magari ya aina hiyo, kwa hiyo sina wa kumnyooshea kidole.

Nilifungua mlango wa nyuma, nikavuta kalio la kiti juu, nikabandua zulia. Mshono ulikuwa pale, unapita kutoka ubavu hadi ubavu. Puti ilikuwa imepasuka sehemu mbili na kutu imeanza kuchungulia. Kazi yenyewe ilikuwa mbovu. Baba angeona haya.

Mwalimu aliinama akatazama. Akatoa rula mfukoni, kisha akairudisha bila kupima kitu.

"Hii ni nini?"

"Ni magari mawili, Mwalimu. Mbele ni 2006. Hapa nyuma ni 2002. Taa zetu zilikuwa sawa zote tatu."

"Likigongwa?"

"Linaachana hapa."

Alikitazama kile kiti cha nyuma nilichokisimamisha. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, nikadhani anaomba dua. Baadaye niliona kwamba anahesabu: alikuwa akitaja mabinti zake, mmojammoja, wote wanne waliowahi kukaa pale kwenda shule.

Tuliporudi ndani niliivuta fomu, nikashika kalamu. "Nitaweka chumba cha kwanza," nikasema. "Kosa letu. Hakuna atakayeuliza."

"Lete hapa."

Akaandika polepole, kwa ule mwandiko wa walimu wa ubaoni, kwenye mstari wa sababu nyingine: *Kifaa ni sahihi. Gari silo.* Akatia saini, akaweka na tarehe. Kisha akatoa simu, akampigia Qutaiba pale pale mbele yangu, sauti akaiacha wazi kwa sababu hasikii vizuri.

"Qutaiba, sikuuzii gari. Lina kasoro kubwa. Nilikuapia kitu nisichokijua."

Upande wa pili ukacheka. "Mwalimu, unanipima kama zamani? Mimi neno lako linanitosha."

"Neno langu ndilo hili ninalokwambia sasa."

Qutaiba alipojibu, sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Kama umepata mwenye bei nzuri zaidi, Mwalimu, sema tu. Mimi ni mtu mzima."

Mzee alifumba macho. Miaka arobaini ubaoni, na sasa anaonekana mlanguzi kwa sababu amesema kweli.

"Njoo uone," akasema. "Peke yako. Watoto waache."

Qutaiba alifika baada ya nusu saa, unga hadi kwenye viwiko, shingo imekaza kwa hasira. Nilimwonyesha mshono. Alipitisha kidole juu yake mwanzo hadi mwisho, akasimama, akauangalia ule unga aliouacha kwenye chuma.

"Mwalimu, ungeninyamazia tu," akasema. "Maisha yangu yote nisingejua."

"Ndiyo maana nimekuita."

Qutaiba akambusu bega. Tanuri lilikuwa linamngoja. Alipoondoka, Mwalimu akaagiza taa ya nyuma ya mwaka 2002. Nilikuwa nayo rafuni. Tulimfungia pale pale uani; ikaingia bila kulazimishwa, akaipima hata hivyo.

"Utalifanyaje sasa?" nikamuuliza. "Chuma chakavu?"

"Wiki ijayo. Kesho nina kazi nalo."

"Kazi gani?"

Aliingia kwenye gari, akafunga mkanda, akarekebisha kioo mpaka akaona vizuri nyuma.

"Mifleh anakula kwetu kila Ijumaa. Miaka kumi na moja anakuja kwa gari lake, na nikitaka kumfuata kwake kwa hili anasema usijisumbue. Kesho nitamfuata mwenyewe, mimi na mke wangu." Akawasha injini. "Mke wangu atakaa mbele."