Meno Manane ya Juu

Ishara zilikuwa mbili tu. Kidole gumba juu: niko sawa. Mkono juu: naumia. Mumbua, msaidizi wa daktari, alimweleza Nduku hayo huku akimvalisha kifaa cha plastiki kinachovuta midomo pande zote hadi meno yabaki nje yote. Kikishaingia, huwezi kutamka hata jina lako. Ufizi ulipakwa dawa ya buluu, ikakaushwa kwa taa ikawa ngumu kama saruji. Meno yakapakwa dawa ya kung'arisha, kisha taa nyingine ikateremshwa karibu na pua. Dakika kumi na tano, mara tatu.

"Meza mate polepole, usihangaike," Mumbua akasema. "Kuna wengine hulala kabisa."

Nduku akainua kidole gumba.

Hilo alikuwa amelikubali mwenyewe. Kung'arishwa, basi. Kwao Zombe, watoto wote waliolelewa kwa maji ya kisima cha chumvi cha kijijini walitoka na meno ya rangi ya chai, na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa sababu hakukuwa na wa kumcheka. Aibu ilianza baadaye, chuoni, alipokuwa akisomea diploma ya afya ya mifugo na msichana mmoja wa Machakos akamuuliza kama huwa anavuta tumbaku. Tangu siku hiyo Nduku alicheka na kiganja mdomoni. Alijaribu unga wa mkaa, ukamchubua ufizi. Alijaribu soda ya kuokea mandazi na ndimu, akashindwa kunywa maji ya baridi mwezi mzima. Mchumba wake, Mutisya, alimnunulia vibandiko vya kung'arisha kwenye mtandao. Akavibandika wiki mbili na rangi ya chai ikabaki palepale.

Sasa arusi ya kanisani ilikuwa imebakiza wiki tatu, na mama mkwe alikuwa ameamua.

"Picha za arusi hukaa ukutani miaka hamsini," Mama Mutisya alimwambia. "Sitaki wajukuu waniulize kama siku hiyo ulikuwa umekula matope." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia unga umeisha. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao Matiliku, na shughuli yoyote aliyoishika ilikwisha siku aliyotaka iishe. "Kuna daktari ninayemjua Malili. Panda gari, twende."

Ndivyo walivyofika hapa, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Kila lori lililopita lilitikisa kioo cha dirisha. Mama Mutisya alivuta kiti akaketi miguuni pa Nduku, mkoba mapajani.

Dakika kumi na tano za kwanza zilipokwisha, daktari mwenyewe akaingia. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye mikono midogo. Aliifuta dawa kwa pamba. Mama Mutisya akainuka, akainama, akachungulia.

"Uuui! Kiema, umefanya nini? Si sasa ana madoa kama ng'ombe!"

"Shemeji, punguza sauti, kuna mgonjwa huko nje." Daktari alisogeza kioo kidogo. "Ule ukahawia uko ndani ya jino, hauko juu. Dawa inang'arisha zaidi pale palipokuwa peupe, kwa hiyo pale pa kahawia panajitokeza. Baada ya siku chache hutulia kidogo."

"Kidogo? Na pakikataa?"

"Kuna kusugua kwa asidi nyepesi, rangi inapungua. Hiyo ndiyo mimi ningeanza nayo. Kuna kupaka risini, ule utomvu mgumu wa rangi ya jino, juu yake. Halafu kuna vifuniko vya kauri, wanaviita vinia. Hivyo ndivyo vya watu wa televisheni."

"Sasa ulikuwa unaficha nini? Hivyo vinadumu?"

"Miaka kumi, kumi na mitano, halafu unabadilisha. Lakini lazima ninyoe jino kwanza, liwe jembamba, shemeji. Likishanyolewa, limenyolewa. Ukianza vinia huna kuacha, utakuwa mtu wa vinia mpaka uzeeke."

"Mangapi?"

"Yanayoonekana akicheka? Manane ya juu."

"Basi mnyoe manane."

Nduku aliinua mkono.

"Anaumia," daktari akasema kwa huruma. "Ni kawaida, dawa inashtua. Mumbua, mpake ile ya kutuliza."

Mumbua akampaka. Nduku akainua mkono tena, akautikisa. Mumbua akaongeza dawa. "Pole, dadangu. Itapita sasa hivi." Koo la Nduku lilitoa sauti, lakini sauti isiyo na midomo ni mngurumo tu, na yeye mwenyewe aliisikia ikitoka kama ya ndama aliyebanwa tayari kuchanjwa. Aliwahi kuwabana ndama wengi. Hakuwahi kudhani kuna kitu walichokuwa wakisema.

Ndipo lile neno likamfikia vizuri. Shemeji.

Huyu alikuwa mdogo wa Baba Mutisya. Siku ya ntheo, walipoleta kwao Zombe wale mbuzi watatu wanaomfanya msichana ahesabike mke kwa mila ya Wakamba, walisema kuna baba mdogo mmoja, daktari, ambaye hakuweza kuja, ana kazi Mombasa. Nduku hakuwahi kumwona. Na sasa alikuwa amelala chali mbele yake, kinywa wazi mpaka kooni.

"Tumalize leo," Mama Mutisya alikuwa akisema. "Kesho kutwa unaenda Mombasa, ukirudi arusi imepita."

"Leo naweza kunyoa na kumwekea vya muda. Vya kauri vitafika kabla ya arusi. Kwa mtoto wetu sitaki hata shilingi." Daktari alikuna shavu. "Lakini yeye amekubali?"

"Kwani alikuja hapa kufanya nini?"

"Shemeji, meno yake ni mazima. Hayana hata tundu moja. Ni rangi tu."

"Kiema. Mimi nakuambia habari ya arusi, wewe unaniambia habari ya tundu." Alitoa simu kwenye mkoba. "Ngoja tumuulize mwenyewe."

Nduku alipumua. Alidhani mwenyewe ni yeye. Kumbe mwenyewe alikuwa Mutisya, kazini kwake Athi River. Sauti yake ikatoka kwa kipaza sauti, nyuma yake mashine zikivuma.

"Mama, niko shifti, sema haraka."

"Tuko kwa baba yako mdogo na Nduku. Dawa imekataa. Tunataka kumwekea meno ya kauri, manane. Unasemaje?"

"Yeye anasemaje?"

"Hawezi kuongea, amefungwa mdomo."

Mutisya akacheka. Kicheko chake kizuri, kilekile kilichomfanya Nduku ampende kwenye mkutano wa vijana. "Basi leo mtapumzika. Mama, wewe ndiye unajua mambo hayo. Mwambie Nduku atulie tu. Nduku, unanisikia? Tulia, mpenzi. Utatoka hapo ukiwa malkia."

Simu ikakatika.

Kwa muda Nduku alitazama dari tu. Hakuna aliyemchukia chumbani humo, na hilo ndilo lililomziba pumzi. Angekuwa na adui, angejua wa kumpiga teke. Bibi yake Mbula, mama wa mama yake, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa kwa patasi hadi yakawa na ncha, kwa sababu wakati wake msichana asiyechongwa hakuitwa mrembo. Alipofika miaka arobaini yote yalikuwa yameoza. Nduku alipokuwa mdogo alimuuliza kama aliumia, na bibi akajibu kwamba shangazi wawili walimshika mikono. "Walinipenda mno," alisema, "ndiyo maana walinishika sana."

Mama Mutisya akaushika mkono wake, ule wa ishara, akaupapasa. "Nduku wakwa, Nduku wangu, usiogope. Mimi niko hapa. Siendi popote." Na kweli hakuuachilia.

Daktari alivaa glavu mpya. Mumbua aliweka sindano kwenye sinia, na kando yake kile chombo cha kunyolea, chembamba kama kalamu. Dawa ya ganzi ilikuwa imeshajazwa. Nduku aliuza sindano kila siku kwenye duka la dawa za mifugo alikofanya kazi. Alijua kwamba ikishajazwa, watu huona haya kuirudisha.

"Itauma kidogo kama siafu," daktari akasema, akainama.

Na alipoinama, macho yao yakakutana, naye daktari akayaondoa yake haraka. Si kwa aibu ya kidaktari. Nduku aliitambua aibu hiyo. Ilikuwa nthoni, heshima ya mkwe: baba mkwe na mke wa mwana hawagusani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Watu wengi siku hizi huifuata nusunusu. Lakini Mama Mutisya aliifuata yote, na kujisifu. Siku ile ya ntheo alimzungusha Nduku nyuma ya nyumba na sinia la wali ili asipite mbele ya Baba Mutisya. Leo, kwa haraka ya picha, alikuwa amesahau kwamba mdogo wa baba mkwe naye ni baba mkwe. Na daktari alikuwa amejisahaulisha kwa kuvaa koti jeupe.

Silaha ilikuwa hiyo, na Nduku aliona bei yake papo hapo. Nthoni humfunga mke, haimfungi mchumba. Tangu ile ntheo ya Agosti alikuwa akimwambia mama yake, Kaluki, kwamba mbuzi ni mbuzi. Hadi kiapo cha kanisani yeye bado ni binti wa Zombe na anaweza kubadili nia. Mama yake alikuwa akinyamaza. Na kama kuna siku alihitaji mlango huo ubaki wazi, ilikuwa leo, baada ya kile kicheko cha kwenye simu.

Sindano ilikuwa imegusa mdomo.

Akaunyakua mkono wake kutoka kwa Mama Mutisya. Akaingiza vidole viwili shavuni, akaking'oa kile kifaa, mate na dawa vikamwagika hadi shingoni. Daktari akaruka nyuma na sindano yake. Nduku akaivuta nguo ya kuzuia mate waliyomtandikia kifuani, akajifunika uso mzima, akageukia ukuta.

"Mumbua," akasema. Midomo ilikuwa imekufa ganzi kwa kuvutwa, maneno yakatoka manene. "Mwambie baba mkwe wangu anisamehe. Sikujua kama ni yeye. Mwambie mke wa mwana hafunuliwi kinywa na baba mkwe wake, na mimi sitaki kumletea laana nyumbani kwake."

Mumbua akatazama huku na huku. "Daktari, anasema..."

"Nimesikia." Sindano ilirudi kwenye sinia, ikagonga bati. Glavu zikavuliwa moja, mbili. "Shemeji, umeniingiza kwenye nini? Mimi nilikuambia!"

"Hukuniambia chochote!"

"Sasa nimeambiwa na mtoto. Mbele ya shahidi." Alikuwa ameshafika mlangoni, mgongo kwao. Ndani ya sauti yake kulikuwa na mtu aliyeshushiwa mzigo. "Mumbua, msafishe. Mimi siingii tena humo."

Lori likapita, kioo kikatikisika. Chini ya ile nguo Nduku alipitisha ulimi juu ya meno yake, akangoja kutukanwa.

Mama Mutisya akaanza kucheka.

Alicheka akashika mbavu, akaketi, akajipangusa macho kwa kitambaa. "Ai! Na mimi nikisema nimejua mila! Kasichana kamenishinda!" Alimvuta Nduku, akamkumbatia na mate yake yote. "Unajua nilikuwa na wasiwasi na wewe? Nilimwambia Baba Mutisya, huyu wa diploma atatuhesabu washamba. Kumbe umeshaingia nyumbani zamani. Hayo meno acha. Kwa picha utafunga mdomo, yaishe."

"Asante, Mama," Nduku akasema.

"Lakini hii sasa ni faini. Kiema atatoa mbuzi, hilo halina mjadala. Ataliwa leo, Matiliku, wazee wapo. Na mke aliyejitaja mwenyewe kwa nthoni halali tena kwao. Utakaa kwangu mpaka arusi."

"Mama, kesho nina kazi. Na nguo zangu ziko Zombe."

"Nguo ni kitu cha kukuzuia? Nitakupa leso. Kazini utapiga simu." Tayari alikuwa amebonyeza namba. "Halo, Mama Kathini? Weka maji jikoni. Keti kwanza nikuambie vile mke wa Mutisya amefanya."

Mumbua alimtoa Nduku ile dawa ya buluu kipande kwa kipande. Alipomaliza alimpa kioo. Meno yalikuwa na madoa kweli, meupe na ya kahawia, mabaya kuliko asubuhi. Lakini yalikuwa mazima yote. Nduku alirudisha kioo.

Chini, Mama Mutisya alikuwa kibandani akichagua vitunguu na nyanya za supu ya mbuzi, bado na simu sikioni, bado akisimulia. Mlango wa gari wa nyuma ulikuwa wazi. Nduku aliketi, upepo wa barabarani ukampiga kwenye meno yakauma hadi kisogoni, akampigia mama yake.

Alimweleza yote. Kaluki hakumkatiza.

"Hawakuyanyoa?" mwishowe akauliza.

"Hawakuyanyoa."

"Na hayo maneno ya nthoni, ulisema mbele ya mtu asiye wa ukoo?"

"Mbele ya msaidizi. Na Mama Mutisya ameshapigia Matiliku nzima."

Kuku walisikika nyuma ya Kaluki, na ndoo ikiwekwa chini. "Basi hata nikitaka kuwarudishia wale mbuzi, hawatawapokea," akasema. "Nguo zako nitazituma na gari la kesho. Nikuwekee na zile za baridi?"

Mama Mutisya alikuja na mfuko wa vitunguu, akauweka mapajani mwa Nduku, akafunga mlango kwa upande wa nje.

"Niwekee," Nduku akasema.