Mkanda wa Upande wa Usukani

Duka la mikanda lilikuwa katikati ya duka la matairi na kinyozi, na Jumamosi hiyo asubuhi kinyozi alikuwa amefungulia redio kwa sauti ya kukera. Mzee Breki aliingia kwanza, binti yake akafuata, wote wawili na grisi kwenye kucha. Mzee aliitwa hivyo kwa sababu alitengeneza breki maisha yake yote, na pia kwa sababu nyumbani jambo lolote lililoanza kushika kasi, yeye ndiye aliyelisimamisha. Binti, kifungua mimba wake, alikuwa fundi wa kuchomelea. Walikuja kununua mikanda ya kigari chao cha kupandia vilima, kile cha mabomba matupu kisicho na milango wala vioo, ambacho binti alikichomelea bomba kwa bomba nyuma ya karakana ya baba yake tangu mvua za mwaka uliopita.

Makubaliano yalikuwa wazi. Mashindano ya vilima vya machimbo yalikuwa mwisho wa mwezi. Binti angeshika usukani, mzee angekaa pembeni amsomee njia. "Aliyekijenga ndiye atakayekiendesha," mzee alisema hivyo mezani, mbele ya mama, huku anatafuna. Binti alilibeba neno hilo kama funguo mfukoni, kila mara akiligusa kuona kama bado lipo.

"Tunataka inayoshika mabega na kiuno, na ule wa kupita katikati ya mapaja," binti alimwambia mwenye duka. "Kigari kikipinduka nisichomoke kwa chini."

Mwenye duka, mjane ambaye watu walimwita Mama Mikanda, aliitungua miwili kutoka ukutani. Binti alipitisha ukucha kwenye mishono, akasoma tarehe kwenye lebo, akafunga na kufungua bizimu huku akisikiliza mlio wake. Aliridhika.

Mikanda ya duka lile haikurekebishwa kwa mkono. Mwenye chombo aliushika mkanda akamfikiria atakayeuvaa, na mkanda ukajipima wenyewe kwa mwili wa mtu huyo, ukitoa sauti kama paka anayelamba maziwa. Ilikuwa njia ya haraka na ilipunguza mabishano. Matatizo yalikuwepo ya hapa na pale. Bwana mmoja alimnunulia mama mkwe wake mkanda pale, kufika nyumbani ukawa unamtosha kuku. Mama Mikanda alimwambia arudi siku ambayo roho yake imetulia.

Kwa kuwa mabomba yalitoka kwenye karakana ya mzee, mzee ndiye aliyeshika.

"Huu wa usukani," alisema kwa sauti, hata kinyozi akasikia, "ni wa binti yangu."

Mkanda ukarefuka. Binti aliuona ukirefuka, akadhani ndiyo unaanza. Mzee akashika wa pili, akasema huu wangu, na huo ukapanuka pale kwenye tumbo kwa haki kabisa. Mama Mikanda alimtupia binti jicho, kisha akaifunga mikanda kwenye gazeti. Alikuwa ameshaona mengi, na kuyasema haikuwa kazi yake.

Binti aliifunga mikanda mwenyewe jioni ile, bolti kwa bolti, ile ya mabegani akiipitisha sawa na bomba la nyuma ili isimkandamize mgongo. Halafu akakaa. Mkanda ulimpwaya kama koti la kuazima. Bizimu ilimwangukia chini ya kitovu. Aliuvuta ukakazika, akauachia ukarudi ulivyokuwa.

"Umelegea, baba."

"Utakaa tu. Mikanda mipya ndivyo ilivyo."

"Mikanda mipya inabana, baba."

Mzee akakumbuka kuna breki za watu zinamsubiri.

Jumatatu binti alirudi dukani. Mama Mikanda alikuwa anafagia, na aliendelea kufagia.

"Mkanda wako hauna kasoro, mwanangu. Haya mambo hayasikilizi mdomo. Baba yako alikutaja wewe, akamfikiria mwingine. Wengi wanadhani wakitamka jina inatosha."

"Unaweza kupimwa upya?"

"Aje aushike tena, akiwa na wewe moyoni. Kumbembeleza siwezi kukusaidia."

Binti alirudi karakana akaupima ule mkanda kwa futi ya chuma, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mabega yalikuwa mapana. Mkanda wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, maana yake bega la kushoto la huyo mtu lilikuwa chini. Kwenye familia yao bega la namna hiyo lilikuwa moja tu. Ni la kitinda mimba, mdogo wake wa kiume aliyekuwa akiishi mbali, aliyeanguka kutoka juu ya tangi la maji akiwa mdogo, na ni yeye binti aliyembeba mgongoni hadi hospitali huku akimwimbia asilale. Aliiweka ile futi chini. Alijisikia mjinga, na kujisikia mjinga kuliuma kuliko hasira.

Mama yake alikuwa anapiga pasi.

"Mdogo wangu anakuja?"

"Alhamisi," mama alisema. Pasi ikasimama juu ya shati. "Nilidhani baba yako ameshakwambia."

"Kwa hiyo mlijua wote."

"Mwanangu, wewe unamjua baba yako."

Wamenizunguka, binti aliwaza, na wamenizunguka hapahapa sebuleni nikiwapikia chai.

Kitinda mimba alifika Alhamisi na begi lake na miwani ya jua. Alikaa kwenye kiti cha usukani kwa sababu ndicho kiti kilichokuwa karibu. Mikanda ikamshukia mabegani, ule wa chini ukapanda, bizimu ikajifunga yenyewe. Hakuna pengo hata la kupitisha kidole. Mzee alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Umekaa vizuri," alisema.

"Baba," binti akasema, "usukani uliniahidi mimi."

"Nilisema, ndiyo." Mzee alikikunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe. "Sasa tuongee kama watu wazima. Wewe kesho utaolewa. Karakana itabaki na jina la nani? Watu wa machimbo wamzoee yeye. Basi wewe kaa pembeni, umsomee njia, mimi nitabaki chini."

Binti akakaa pembeni. Mkanda wa pembeni ulikuwa na kipimo cha tumbo la mzee, ukamteleza wote hadi kwenye magoti. Mzee aliutazama, akatazama pembeni. Hakujitolea kuushika tena.

"Dada, mimi sikuomba," kitinda mimba alisema.

"Hukukataa pia."

Bega lake la kushoto lilishuka kidogo zaidi.

Siku ya mashindano binti ndiye aliyekaza bolti, kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayezijua. Kwenye bolti ya bega la kushoto mkono wake ulisita na spana. Alijua kuilegeza nusu mzunguko tu kungetosha mkanda uchomoke. Alimwangalia mdogo wake anavyotafuna bablishi kwa woga, akakaza hadi spana ikagoma.

Yeye mwenyewe alikuwa amevaa mkanda. Alikuwa amepita kwa Mama Mikanda asubuhi, akashika mmoja akijifikiria mwenyewe, na ulimkaa barabara, mabegani, kiunoni, kila mahali. Ila haukuwa na pa kufungwa, kwa kuwa kiti cha pembeni alikikalia mzee, ambaye mkanda wa hapo ulimtosha. Ncha zake zilijiburuza nyuma yake kwenye vumbi, na watu waliosimama kwenye kamba walisogeza miguu wasizikanyage, wakaendelea kutazama vilima.

Kigari kilipanda vilima vyote. Hakuna kiungo kilichoachia, na kilirudi cha kwanza. Watu wakakizunguka, wakashika mabomba, wakauliza nani amechomelea viungo visafi namna hii.

"Kazi ya mwanangu," mzee alisema, mkono wake ukiwa juu ya bega la kushoto la kitinda mimba.

Mtu mmoja akampongeza kitinda mimba, naye akaitikia asante.

Kigari kilipozimwa kikagoma kuwaka, na lori la kukibebea lilikuwa ng'ambo ya uwanja.

"Mtu mmoja aje asukume," mzee aliita bila kugeuka.

Binti alizikusanya ncha za mkanda wake, akazifunga kiunoni zisimkwaze, akaenda nyuma ya kigari, akasukuma.