Kimondo Kilichokaribishwa Mbaha

Wewe unayesoma hapa ulishapita Mbaha. Usijifanye hukupita. Ulikaa dirishani, na boma la zahanati lilipokaribia ukageuza uso upande wa pili ukapiga picha ya ziwa. Bibi Marselina alikuwa anakula kibarazani, akakwambia karibu. Ukajibu, "Asante mama, nimeshiba," gari likaendelea. Anakukumbuka. Ulivaa shati la bluu.

Boma lile lina kuta nne na halina paa. Wanakijiji walilijenga wenyewe mwaka 2011. Wanawake walisomba mchanga ziwani kwa ndoo, wanaume wakafyatua matofali, na wakubwa wakaahidi kwa kipaza sauti kwamba kuta zikifika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango, bati zitaletwa. Zilifika kwenye linta Novemba ya mwaka ule ule, siku ya Alhamisi. Tangu hapo ndani umeota mpapai, umezaa, umezeeka na kuanguka wenyewe.

Nesi Hasna anatibu watu kwenye stoo ya ofisi ya kijiji, katikati ya magunia ya mbolea. Mjamzito hana pa kumlaza, kwa hiyo anampandisha milimani kwa pikipiki, kwenda hospitali. Mtoto wa kwanza wa Hildegardi, mke wa mwanawe Marselina, alizaliwa kwenye pikipiki jirani na Kingerikiti, akazikwa Kingerikiti. Mwaka huu Hildegardi ana mimba ya pili.

Mwezi Januari redio ilitangaza kwamba kimondo kikubwa kama mabasi matatu kitapita karibu na Dunia bila kuleta madhara. Huko Kitai alitokea mtu akauza miwani ya kukitazamia. Mbinga mjini wakulima wawili wa kahawa waliacha kusalimiana, kwa sababu mmoja alisema kitaangukia shamba la mwenzake na hakuonyesha masikitiko ya kutosha.

Siku yenyewe, saa saba mchana, Marselina alikuwa anakula ugali kwa usipa, wale dagaa wa ziwani. Kimondo kikapita juu ya ua wake, chini kidogo kuliko ilivyotangazwa. Kwao Marselina huwezi kula, mtu akapita, ukanyamaza. Hakuinua hata macho.

"Karibu," alisema.

Kimondo kikasimama. Kibarazani kisingeenea, hivyo kilirudi nyuma taratibu kikakaa juu ya boma la zahanati. Kilifunika kuta zote nne, na upande wa kusini kikabakiza kipande cha kutosha kuegeshea baiskeli. Jioni redio ikatangaza kwamba kimondo kimeshapita salama.

Mtendaji wa kijiji, Salvatory, alifika na kitabu cha wageni kwapani.

"Bibi, umefanya nini?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimekaribisha mgeni. Ulitaka nile kimya kama mchawi?"

Salvatory akajaza kitabu. Jina: Kimondo. Anakotoka: Juu. Sababu ya safari: Kupita. Penye saini kimondo kiliunguza tundu dogo, likapenya mpaka kurasa za mwaka 2019.

Kilikuwa na joto la wastani, kama chungu kilichoipuliwa muda kidogo. Watu walianika usipa pembeni yake wakakauka kwa siku moja, na mvua ikinyesha kote. Hasna akahamishia vitanda na mizani chini yake. Wanawake watatu walijifungua pale, na watoto wote watatu walilia kwa nguvu inavyotakiwa. Lalamiko lilikuwa moja tu, la Vitalis, ambaye jogoo wake sasa aliwika saa nne asubuhi kwa sababu ya kivuli.

Hildegardi alichagua kitanda cha ukutani mapema.

"Kisiondoke tu," alimwambia Hasna.

"Nakiamkia kila siku. Kikiondoka, haitakuwa kwa kukosa salamu."

Barabara iliyoombwa kwa miaka kumi na minne ilichongwa kwa siku nne, ili wageni waje kutazama. Kwa barabara hiyo alikuja Mhandisi Ignatio, mkaguzi wa majengo. Aliingia bomani, akatazama juu, akakigonga kimondo kwa kalamu.

"Paa lipo," alisema.

"Baba, hilo ni jiwe la angani," alisema Marselina. "Lina safari zake."

"Mama, fomu inauliza paa lipo au halipo. Haiulizi limetoka wapi."

Akaandika kwamba lipo, na kwamba mradi umekamilika kwa asilimia mia moja. Bati za Mbaha, ambazo kumbe zilikuwepo muda wote, zikaenda kuezekea maegesho ya magari ya wageni waliokuja kuona kimondo.

Uzinduzi ulifanyika mwezi Machi. Meza kuu iliwekwa chini ya kimondo, ikajazwa pilau na mbuzi wawili. Waliofyatua matofali na kusomba mchanga wa 2011 walisimama nje ya utepe. Wakubwa walikula saa nzima. Hawakumwambia Marselina karibu, hawakumwambia Hildegardi na tumbo lake, hawakumwambia na aliye juu ya vichwa vyao.

Kimondo, ambacho hatujui kililelewa na nani lakini kililelewa vizuri, kilijiona kimezidi. Kiliinuka polepole kisimwangushie mtu vumbi, kikapinda kuelekea ziwani, kikaenda zake. Mvua ikashuka kwenye pilau. Mgeni rasmi alifungua mwavuli, akakata utepe, akalipongeza paa.

"Paa limeondoka," Marselina alimwambia Ignatio.

"Kwenye fomu lipo."

"Basi irudishe hiyo fomu."

"Fomu nayo imeshaondoka, mama."

Hasna amerudi stooni kwenye mbolea. Kila mchana Marselina anakula kibarazani, uso juu, akikaribisha. Juzi alisimamisha kimondo kingine, kidogo kama mbuzi. Kimekaa juu ya choo na kinafunika vizuri. Redio inasema vingine vikubwa havitarajiwi kabla ya mwaka 2031.

Hildegardi amebakiza siku kumi na moja. Mwenye pikipiki ameshaambiwa akae tayari, na Hildegardi ameshasema hapandi.

Kwa hiyo safari hii anayepita ni wewe. Ukifika Mbaha saa saba, yule mama atakwambia karibu. Usimwambie umeshiba. Jiwe lisilo na masikio lilisikia likasimama, na wewe una mawili. Shuka kwenye gari, na ushuke na bati begani. Kama huna bati, shuka na misumari. Siku kumi na moja. Ukimaliza mstari huu zitakuwa bado kumi na moja, ukilala zitakuwa kumi. Inuka.