Nyumba Inayotazama Daraja

Mke wangu anatengeneza miguu. Nikimwambia hivyo mgeni hucheka, akidhani nina maana ya viatu, nami humwacha acheke kwanza. Kisha namweleza: miguu yenyewe, ya bandia, kwa watu waliopoteza ile ya kuzaliwa nayo. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili katika karakana moja nyuma ya hospitali ya mkoa, chumba cha bati chenye vumbi la plasta lililokuwa likimfuata mpaka kitandani. Nyumbani sote tunamwita Fundi, hata mama yangu mzazi, ambaye si mwepesi wa kumsifu mtu.

Mwaka ule hospitali kubwa ya nchi jirani ilimwita. Walitaka mtu wa kuongoza karakana yao mpya, na barua yao ilikuwa ya heshima hivi kwamba Mama aliomba asomewe mara mbili. Tatizo likawa moja tu: tukae wapi? Cheti changu cha ualimu hakitambuliki ng'ambo ile. Mama hakuwa na kibali cha kuishi huko, na alishatuambia kwamba kwa umri wake hana mpango wa kuanza kuomba ruhusa ya kulala. Binti yetu alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la nne. Kwa hiyo Fundi angefanya kazi kule, sisi tungebaki huku, na mpaka ungekuwa katikati yetu kila siku ya kazi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikachora jedwali. Nyumba tatu pembeni, na juu mambo ya kupimwa: umbali, maji, shule, utulivu, na ngazi, kwa ajili ya magoti ya Mama. Kila jambo alama kumi. Fundi aliliangalia, akanipiga begani.

"Mwalimu, sasa umezitungia mtihani hadi nyumba."

Ya kwanza ilikuwa katika mji mdogo, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mpakani: bustani, kisima, shule nzuri jirani. Niliipa arobaini na tatu kati ya hamsini, na moyoni nilikuwa nimeshahamia. Ya pili ilikuwa ng'ambo, ghorofa ya sita, hatua chache kutoka hospitalini. Fundi angelala huko siku za kazi na kuja kwetu mwisho wa wiki. Hiyo ilipata thelathini na moja. Ya tatu ilikuwa vyumba vinne juu ya duka la vipuri, mpakani penyewe, mkabala na daraja. Dalali aliisifia kwa simu.

"Mzee, nyumba hii inapata hewa ya nchi mbili!"

Nyuma ya sauti yake nilisikia honi za malori. Nikaipa kumi na tisa kabla hata sijaiona.

Kilichobaki kilikuwa kuipima safari. Fundi alitakiwa kwenda kusaini mkataba, nami nikamsindikiza nikiwa na saa ya kupimia mbio niliyoazima kwa mwalimu wa michezo. Saa za ng'ambo zimetangulia zetu kwa saa moja, kwa hiyo anayeingia kazini saa mbili yao inambidi awe darajani saa kumi na mbili yetu. Tulilala nyumba ya wageni, na kulipoanza kupambazuka tukateremka.

Daraja lile nilikuwa nimeshaliona mara moja, mchana, nikaona chuma na malori tu. Asubuhi sikuwahi.

Kwanza nilisikia. Nilidhani ni mvua inapiga bati mahali, nikainua uso kutazama mbingu, na mbingu ilikuwa nyeupe. Tulipokata kona ndipo nikaelewa kwamba ni nyayo. Njia ya waendao kwa miguu ilikuwa imejaa watu kutoka ukingo hadi ukingo, na upande wa pili wa barabara kundi jingine kama hilo likija kwetu. Wauguzi waliovisha viatu vyao vyeupe mifuko ya plastiki. Waashi wenye pima maji mgongoni. Wapishi, washonaji, kinyozi na kisanduku chake, wanachuo wakisoma huku wanatembea wala hawamgongi mtu. Mume na mke walibeba mlango, mmoja mbele mmoja nyuma, na walikuwa wakizungumza kupitia tundu la kitasa. Hakuna aliyesukuma. Hakuna aliyepaza sauti. Katikati ya daraja kuna mstari wa njano, huku nchi moja na kule nyingine, na watu wale walikuwa wakiuvuka bila hata kuutupia jicho. Chini ya soli zangu chuma kilikuwa kikitetemeka, kidogo tu, kama ubavu wa mnyama mkubwa anayepumua.

Nimefundisha namba maisha yangu yote. Sikuwahi kuiona namba ikitembea.

Nilisahau saa ya mbio mkononi. Kisha, kwa mazoea, nikahesabu watu waliopita nguzo moja kwa dakika moja, nikazidisha.

"Elfu saba na zaidi kwa saa," nikamwambia Fundi. "Miguu elfu kumi na minne."

"Kasoro," akasema.

Nikamgeukia. Alikuwa ameshika ukingo wa daraja kwa mkono mmoja, na macho yake hayakuwa kwenye nyuso za watu kama yangu. Alikuwa ametazama chini, kwenye miguu.

"Kasoro nini?"

"Kasoro mmoja. Yule dada wa suruali ya bluu, mwenye ndoo ya brashi. Mguu wake wa kulia nimeutengeneza mimi."

Nilimtafuta yule dada na nikampata. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mrefu, suruali ina madoa ya rangi ya njano, ndoo mkononi, anatembea kama wenzake wote. Nikasema labda amemfananisha.

"Mwalimu, wewe huwezi kuujua mwandiko wako? Nyonga yake moja iko chini, kwa hiyo nilipunguza urefu kwa nusu sentimita. Na wayo niliugeuza nje kidogo, kinyume na kitabu, maana ule mguu wake mzima ulitazama nje. Hakuna mwingine anayetembea hivyo."

Mke wangu hakimbii. Hata mvua huisubiri ipite. Siku ile alikimbia. Alipenya katikati ya wauguzi na waashi akisema samahani, samahani jamani, mkoba ukimpiga kiunoni, nami nyuma yake. Tulimfikia yule dada kwenye foleni ya kugongesha kadi za mpakani, tukiwa tumeshauvuka mstari.

"Samahani, dada," Fundi akasema akihema. "Huo mguu wako wa kulia, alikutengenezea nani?"

Yule dada alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Wewe," akasema. Kisha akaweka ndoo chini. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umenijua?"

"Nilikujua tangu mwanzoni mwa daraja. Nikaona haya. Nikaongeza mwendo."

"Haya ya nini?"

"Kwani umesahau? Si nilikutupia fimbo?"

Fundi akaanza kucheka, akajishika bega la kushoto. "Sijasahau. Ilinipata hapa."

Ndipo kisa kikatoka, nusu kwa huyu na nusu kwa yule, huku foleni ikisogea. Miaka tisa nyuma alikuwa msichana wa miaka kumi na minane aliyegongwa na trekta. Alifika karakanani amenuna, akakataa kusimama wiki tatu mfululizo, na siku aliyosimama akaanguka, akarusha fimbo, akatoka nje na mguu mpya bila kumaliza mazoezi. Hakurudi tena. Miaka yote hiyo Fundi aliamini kwamba mguu ule umetupwa uvunguni.

"Naomba niuone," Fundi akasema.

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa, mwanangu, ukiniruhusu."

Yule dada alikunja suruali. Mke wangu akapiga magoti kwenye lami, watu wakigawanyika pande mbili kutupita kama maji yanavyolipita jiwe. Askari wa foleni akasogea.

"Mama, umeangusha kitu?"

"Hapana, baba. Nimeokota."

Nami niliinama kutazama. Ule mkanda wa awali haukuwepo. Ulikuwepo wa begi la shule. Kisigino kilikuwa cha mpira wa tairi, kimekatwa kwa ustadi na fundi viatu. Parafujo moja ilikuwa ya baiskeli. Kigutu kilikuwa kimepungua unene kwa miaka, kwa hiyo ndani ya kikombe, pale kinapokaa, alikuwa amevaa soksi tano, moja juu ya nyingine. Fundi alizigusa moja moja kwa kidole, akagonga mahali fulani, akatega sikio.

"Mguu huu niliupa miaka mitatu," alisema taratibu. "Mitatu tu. Na unavuka nao kila siku?"

"Kila siku ya kazi, mwaka wa sita huu. Kwenda na kurudi."

Alitutajia anapokaa na anapofanyia kazi, na kichwa changu kikapiga hesabu chenyewe. Kilomita sita kwa siku, siku mia tatu, miaka sita. Zaidi ya kilomita elfu kumi. Nilipiga tena kwa sababu sikuamini. Nikaisema kwa sauti, na yule dada akaguna.

"Ndiyo maana kigutu kinauma," akasema.

"Na kazi yako ni ipi?" Fundi akauliza.

"Napaka rangi. Majengo. Wananiita Twiga, kwa sababu kutwa niko juu." Akanyoosha mkono. Ng'ambo, juu ya mapaa, lilisimama jengo refu, nusu yake ya chini ina rangi ya saruji na nusu ya juu ni ya njano, na jua ndio kwanza lilikuwa limelifikia. "Ile njano ni yetu. Mimi na wenzangu wawili. Leo tunashuka ghorofa ya tisa."

"Kwa nje?"

"Kwa nje, Fundi. Ndani wanapaka watoto."

Mke wangu alibaki pale chini amepiga magoti, uso ameuinua kuelekea ule ukuta wa njano, mkono bado umeshika mguu wa plastiki. Nimemwona akifurahi, nimemwona akilia, nimemwona akijifungua. Uso ule sikuwa nimeuona. Kisha foleni ikasogea, Twiga akateremsha suruali, akaokota ndoo yake. Fundi alimwandikia namba ya simu kwenye mkono wa shati, kwa kalamu, kwa kuwa sote hatukuwa na karatasi.

Mkataba ulisainiwa. Karakana mpya ilikuwa na mashine za kung'aa na madirisha makubwa. Alizitembelea kwa adabu, kama mtu aliyealikwa chakula naye ameshashiba. Tulipokuwa tukirudi alisimama katikati ya daraja.

"Miaka ishirini na miwili, Mwalimu. Mgonjwa anatembea kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni, mimi naandika kwenye faili: anatembea. Basi. Nje ya ule mlango sijawahi kufika."

Nikajua kwamba jedwali langu limekufa.

Wiki iliyofuata tulikwenda sote kuiona nyumba ya juu ya duka la vipuri. Dalali alitangulia kwenye ngazi akisifia hata kutu ya kitasa. Kelele zilikuwa kama nilivyotabiri, na vumbi lilizidi. Lakini sebule ilikuwa na madirisha mawili, na yote yalitazama daraja.

Mama alipanda kwa kupumzika kila baada ya ngazi nne. Alipofika juu alishika kiuno, akasema, "Hii si nyumba, hii ni stendi." Kisha akavuta kiti cha dalali, akakaa dirishani ili atulize magoti. Ilikuwa jioni, watu wanarudi. Tulikagua jiko, tukafungua mabomba, binti akachagua chumba chake na kukibadili mara mbili. Tuliporudi sebuleni Mama hakugeuka.

"Hawa wote wanakwenda wapi?" akauliza.

"Makwao, Mama. Wametoka kazini."

"Wote hawa?"

"Wote."

"Na kesho?"

"Kesho wanarudi tena."

Mama alitikisa kichwa, akafunga mdomo kwa kiganja kama afanyavyo akisikia habari kubwa. Kisha akamwambia dalali kwamba kiti hicho kibaki.

Sitadanganya kwamba kila kitu kilikuwa rahisi. Miezi ya mwanzo binti alikohoa kwa vumbi, tukaweka mapazia mazito. Malori yalinifanya nifundishe kwa sauti ya juu hata shuleni, mpaka wanafunzi wakaniuliza nimewakasirikia nini. Nilipata kazi katika shule ya pale pale mpakani, ambako nusu ya wazazi huvuka kila asubuhi, na usipoitisha kikao baada ya saa kumi na mbili jioni, humpati hata mmoja. Twiga alipata mguu mpya katika mwezi wa pili wa Fundi kazini. Aliuchukia wiki nzima, akadai unamdekeza, na ule wa zamani alikataa katakata kuuacha karakanani. Jengo lile lilikwisha kitambo, lote la njano. Sasa anapaka jingine.

Huu ni mwaka wetu wa nne. Hospitali ilimpa Fundi nafasi ya kuhamia nyumba za wafanyakazi ng'ambo, akashukuru na kukataa. Kila asubuhi anashuka, anaingia katika ule mto wa watu, na anatembea akitazama chini. Hadi sasa amewaona kumi na wanne wenye miguu yake. Mwingine ni mwalimu, mwingine anauza nguo, mmoja hubeba mizigo ya watu kichwani.

Wa kumi na nne alimwona mwezi uliopita, mzee ambaye alidhani amekwisha kufariki. Alikuwa amevaa tai, anapita kwa kasi, mkoba kwapani. Fundi alisimama ukingoni, akampisha.

Nilimuuliza jioni kwa nini hakumwita.

"Nimwite vipi?" akasema, akivua viatu vyake mlangoni. "Alikuwa anawahi kazini."